Likizo ya Desemba na Somo la Ekolojia

Wanafunzi wenzangu wa kidato cha pili, Januari ikifika mtaketi kwenye madawati haya tunayoyaacha sisi, na baada ya muda mtakutana na ekolojia, yaani elimu ya viumbe na mazingira yao. Katika Bayolojia ya kidato cha tatu, ekolojia hufuata uainishaji wa viumbe, nayo ni ndefu kweli kweli. Nia yangu katika makala haya ni kuwaonyesha jinsi mnavyoweza kujitayarisha wakati wa likizo ya Desemba bila maabara na bila tuisheni.

Najua wengi wenu mtafanya nini. Mtaazima kitabu kwa kaka au dada aliyetangulia, muanze kukariri maana za maneno: makazi ni nini, mzalishaji ni nani, mlaji ni nani. Si vibaya, lakini maneno hayo ni mepesi na mwalimu atayaandika ubaoni kwa dakika kumi tu. Kinachowatoa watu jasho ni maswali yenye majedwali na tarakimu. Mtahini hatosheki na kukuuliza kwadrati ni nini. Anakupa hesabu za watu waliorusha kwadrati shambani, kisha anataka umwambie mimea ni mingapi, na kwa nini jibu hilo haliwezi kuwa kamili. Aliyewahi kuhesabu mwenyewe hujibu kama anayesimulia safari ya sokoni. Aliyekariri hubaki akitafuna kalamu.

Basi chagueni mahali pamoja padogo, mpasome likizo nzima. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana, kwani twapita njia ile ile asubuhi na jioni mwaka mzima. Ukingo wa shamba la mahindi unafaa. Kiwanja chenye nyasi kinafaa, hata mtaro wa nyuma ya nyumba. Usitafute mahali pazuri, tafuta mahali pa karibu, maana utapaendea kila wiki na likizo ina kazi nyingine nyingi za nyumbani.

Kifaa cha kwanza ni hiyo kwadrati. Usitishwe na jina, ni fremu ya mraba tu. Tafuta vijiti vinne, kila kimoja kiwe na urefu wa mita 1, uvifunge pembeni kwa kamba ya katani. Simama kiwanjani, fumba macho, zunguka kidogo kisha uirushe (hakikisha hakuna kuku wala mtoto karibu). Pale inapoangukia, hesabu mimea ya aina uliyoichagua iliyo ndani ya fremu. Tuseme umechagua kishona nguo, yule mmea ambao mbegu zake hung'ang'ania soksi zetu. Umerusha mara 10 na umepata 4, 0, 7, 3, 0, 5, 2, 6, 0 na 3. Jumla ni 30, wastani ni 3 kwa kila mita moja ya mraba. Ikiwa kiwanja kina urefu wa mita 30 na upana wa mita 20, eneo lake ni mita za mraba 600, kwa hivyo kishona nguo wote wanakaribia 1,800.

Hapa ndipo penye mtego. Wako watakaosema, ah, pale palipotoka sufuri hapakuwa na kitu, tupaache. Ukiziacha zile sufuri tatu utagawanya 30 kwa 7, na jibu lako litapanda hadi kama 2,571. Umeongeza mimea zaidi ya 700 ambayo haipo duniani! Sufuri ni hesabu kama hesabu nyingine. Na ndiyo maana twafumba macho, kwa sababu jicho likiachiwa huru litaipeleka fremu pale penye mimea mingi.

Mimea haikimbii. Je, panzi utawahesabuje? Vitabu vinasema ukamate, utie alama, uachilie, kisha ukamate tena. Wengi huikariri kanuni yake bila kuisadiki. Nawashauri muijaribu kwanza kwa maharagwe, usiku mkisubiri chakula kiive. Chukua bakuli la maharagwe usiyoyahesabu. Toa 40, yatie alama kwa kalamu ya wino, uyarudishe na uyakoroge vizuri. Sasa fumba macho utoe mengine 50. Tuseme kati ya hayo 50 umepata 8 yenye alama. Zidisha 40 kwa 50, ugawanye kwa 8, utapata 250. Kisha yahesabu yote moja moja uone ulikaribia kiasi gani. Rudia mara tatu, nne. Utaona jibu linapanda na kushuka, na utaona pia kuwa usipokoroga vizuri, jibu huharibika kabisa.

Ukishayaelewa ya maharagwe, mnyama si kazi. Weka tone dogo la rangi ya kucha mgongoni mwa konokono wa bustanini, urudi kesho yake au kesho kutwa. Halafu jiulize maswali ambayo mtahini huyapenda mno. Je, kama alama imefutika? Je, kama rangi hiyo nyekundu imemwonyesha ndege chakula kilipo? Je, kama konokono wa jirani wamehamia kwako? Kila jambo kati ya hayo hupotosha hesabu, na ukifikiri kidogo utajua ni lipi linaipandisha bure. Alama zikipotea, wale 8 watapungua, na unapogawanya kwa namba ndogo jibu huwa kubwa kuliko ukweli. Mama akikuuliza wapaka konokono rangi za nini, mwambie ni masomo. Huenda asiamini.

Pale pale kiwanjani andika nani anamla nani. Nyasi huliwa na panzi, panzi na chura, chura na nyoka, nyoka na mwewe. Vitabu hufundisha kuwa kwa kukadiria, ni sehemu 1 tu katika 10 ya nguvu za chakula inayopita kutoka ngazi moja hadi ya juu yake, kwa sababu nyingine hutumika katika kupumua na kutembea, na nyingine hutoka kama joto na kinyesi. Kwa hivyo nyasi zenye kilojuli 10,000 humfikia panzi kama 1,000, chura 100, nyoka 10, mwewe 1. Sasa mnajua kwa nini panzi hatuwezi kuwamaliza kuwahesabu lakini mwewe twamwona mmoja mmoja angani. Kuhusu nitrojeni nitasema machache tu: ng'oa mharagwe mmoja taratibu, utazame vinundu vya mizizini, ukipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi ya kuipatia mimea nitrojeni kutoka hewani.

Mvua nayo hupimwa kwa mkebe. Tafuta mkebe wenye kuta zilizonyooka, uuweke mahali pa wazi mbali na miti na paa, na kila siku saa tatu asubuhi upime kina cha maji kwa rula kabla ya kuyamwaga. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mabati lenye eneo la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 10, hiyo ni lita 400, mitungi 20 ya lita 20. Mtu akishapiga hesabu hiyo, kisha akumbuke foleni ya mferejini, atatafuta mfereji wa paa mwenyewe.

Sasa nije kwa jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Shule yetu iko karibu na Ziwa Victoria, na ziwa hili ni kitabu cha ekolojia kilichofunguliwa mbele yetu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki anayeitwa mbuta aliletwa humu kutoka kwingine. Kwa miaka kadhaa hakuonekana sana, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ajabu. Akala fulu, wale samaki wadogo wa aina nyingi sana, na aina nyingi za fulu hazijaonekana tena. Baadhi ya fulu walikuwa wakila mwani. Walipopungua, mnyororo ukakatika, huku mbolea na maji machafu yakizidi kuulisha mwani kutoka nchi kavu. Mwani ukifa huzama na kuoza, na uozo hula oksijeni ya chini ya ziwa. Aidha, fulu mdogo angeweza kukaushwa juani, lakini mbuta ana mafuta mengi na hukaushwa kwa moshi, kwa hivyo kuni zikahitajika. Samaki mmoja ameguswa, na miti ya nchi kavu nayo ikaguswa! Ni kweli pia kwamba mbuta ameleta fedha na viwanda, na mtahini atawapa alama mkisema pande zote mbili.

Baada ya mbuta likaja gugumaji, mmea wa asili ya Amerika Kusini, ambalo lilionekana ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Huziba mwanga, hupunguza oksijeni, na huwapa hifadhi mbu na konokono wa kichocho. Wenzetu ambao wazazi wao ni wavuvi wanalijua kuliko kitabu chochote: likiziba ufuo, mashua haitoki, na mashua isipotoka karo huchelewa. Mwaka 1997 fukusi wanaolila gugumaji waliachiliwa upande wa Kenya, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 lilikuwa limepungua sana. Wapo wanaosema mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998 yalisaidia. Lakini limerudi mara kwa mara, kwa kuwa mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi, fukusi nao hupungua chakula chao kinapopungua, na rutuba inayolilisha bado yamiminika ziwani.

Mtu atapimaje jambo kubwa hivyo akiwa likizoni? Msiingie majini, kwani kuna kichocho na viboko. Ukiwa ufuoni chagua mti au nguzo moja, na kila Jumamosi uandike gugumaji limefika wapi na upepo unavuma kutoka upande gani. Bila kuandika upepo utadhani limeota, kumbe limesukumwa tu. Ili kujua kama linaota kweli, mwombe mvuvi akupe mimea 10 midogo. Tia 5 katika karai la maji ya mvua, na 5 katika karai lenye maji ya mvua yaliyotiwa konzi moja ya samadi. Weka makarai pamoja juani, hesabu mimea kila wiki, na uyafunike kwa kipande cha neti ili mbu wasitage humo. Likizo ikiisha utakuwa na jedwali lako mwenyewe la kumwonyesha mwalimu. Hiyo mimea msiitupe mtoni wala mtaroni. Ianikeni hadi ikauke kabisa, kabla haijatoa maua, kisha muichome.