Usizoeze Ubwiri Dawa Moja

Ndugu mkulima wa Mpeketoni, ubwiri, ule unga mweupe unaokausha maua ya mikorosho, ni ukungu unaopumua. Dawa za jamii ya strobilurini huziba pumzi yake ndani ya mitokondria, vyumba vya nguvu vya mwili wake.

Humo, maagizo ya uhai hunakiliwa katika RNA, kisha RNA hiyo hujikata na kujiunga yenyewe, kama nguo inayojishona bila fundi. Kutu ya mahindi ikijigeuza ishinde dawa, mgeuko huo huharibu mahali pa kukata, nayo haiwezi kuishi. Ubwiri wa ngano hauna mkato hapo. Mwaka 1998, huko Ujerumani, uliishinda dawa.

Ubwiri wa mikorosho ni ndugu yake. Basi pokezanisha dawa hiyo na salfa, inayoupiga ukungu mahali pengi.