KUSHTUKA USINGIZINI: NI UCHOVU, NI UGONJWA AU NI UCHAWI?

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na jumuiya ndogo ndogo



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie jambo linaloonekana dogo. Mtu amejilaza, usingizi unaanza kumchukua, mara mguu unarusha teke au mwili wote unashtuka kana kwamba anaanguka kutoka juu ya mti. Anaamka moyo ukienda mbio. Aliyelala naye anauliza, "Kuna nini?"

Katika vijiji vyetu vya Tarime na Serengeti jibu huwa moja kati ya mawili: amerogwa, au ana kifafa. Majibu haya yana gharama. La kwanza hupeleka mbuzi au ng'ombe kwa mganga. La pili humfanya binti akose mchumba na mtoto aachishwe shule. Kwa upande mwingine, wapo wenye kifafa cha kweli wanaoambiwa "ni ndoto tu", nao hubaki bila dawa. Ndiyo maana tunahitaji kujua kutofautisha.

1. Kushtuka kwa kawaida

Wataalamu wanakadiria kwamba watu 6 hadi 7 kati ya 10 hupatwa na hali hii katika maisha yao. Hutokea pale mtu anapotoka katika kukesha na kuingia usingizini. Misuli inapolegea, ishara ya ghafla hutoka kwenye ubongo na kuifanya ijikaze mara moja. Hushtuka mara moja au mbili, kisha mtu hulala. Hali hii si ugonjwa wala haihitaji dawa.

Huongezeka kwa mtu aliyechoka sana, mwenye hofu, aliyekosa usingizi siku nyingi, aliyefanya kazi nzito jioni, au aliyekunywa kahawa au chai kali usiku. Tujiulize basi: nani kwetu hana uchovu? Kule Serengeti, familia zinazopakana na hifadhi hukesha shambani zikilinda mahindi na mtama dhidi ya tembo. Kule Tarime, vijana hulinda mifugo usiku, na wachimbaji wadogo hufanya kazi usiku na mchana. Mlinzi wa shamba anayeshtuka alfajiri anapojaribu kulala hajarogwa. Mwili wake unadai usingizi. Wapangiane zamu, kila mmoja apate usiku wa kupumzika.

2. Dalili za kifafa

Tumpeleke mtu kituo cha afya tukiona mojawapo ya haya:
- Mwili unatikisika mfululizo kwa dakika nzima au zaidi, wala si mshtuko mmoja.
- Anauma ulimi, anatokwa na povu au anajikojolea.
- Haamki akiitwa, na baadaye anakuwa kama aliyechanganyikiwa.
- Hali inatokea pia mchana, au kijana anaangusha vikombe kwa mikono kurukaruka asubuhi baada ya kuamka.

Na mtoto mdogo mwenye homa akipata degedege, asisubiri dawa za kienyeji wala maombi ya usiku kucha. Huenda ni malaria kali inayoshika ubongo. Apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, na tumwombee tukiwa njiani.

3. Kifafa kinatibika

Mate ya mgonjwa wa kifafa hayaambukizi. Imani kwamba yanaambukiza imewafanya watu wengi waachwe waungue motoni huku majirani wakitazama. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Dawa kama fenobabitali ni ya bei nafuu. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2009 katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu.

Tunao mfano hapa nchini. Huko Mahenge, mkoa wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa waliotengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto. Walipopata dawa kila siku, wengi walipata nafuu na kurudi katika shughuli za kijiji.

4. Maandiko yanasemaje?

Wengine husoma Marko sura ya 9 na kuhitimu kwamba kila mwenye kifafa ana pepo. Tusome pia Mathayo 4:24. Hapo wenye pepo na wenye kifafa wametajwa mbalimbali. Bwana aliwaponya wote, wala hakumtenga hata mmoja.

5. Kamati ifanye nini?

(a) Mtu akianguka, mwondoeni karibu na moto na maji, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, na msimshike kwa nguvu. Ikipita dakika 5 bila kutulia, mpelekeni kituo cha afya.
(b) Kila jumuiya ijue kwa siri na kwa heshima familia zenye mgonjwa, na iwasaidie nauli ya kufuata dawa. Dawa isikatishwe ghafla, hata mgonjwa akijisikia mzima.
(c) Saidieni familia hizo kujenga jiko lililoinuliwa badala ya mafiga matatu chini.
(d) Watoto hawa wabaki shuleni.

Kwa wafadhili wetu: mara nyingi kinachokwamisha si bei ya dawa. Ni umbali wa kituo, nauli, dawa kuisha na aibu. Mchango unaolipa nauli au kujenga jiko salama huokoa ngozi na uhai wa mtu.

Maswali ya kujadili
1. Katika jumuiya yetu, nani anakesha kwa ajili ya wengine, naye hupumzika lini?
2. Je, yupo mtu tuliyemficha ndani kwa sababu ya kifafa? Tutaanza lini kumpeleka kituo cha afya?
3. Siku ya kwanza atakapokuja kanisani, nani atakaa karibu naye?