Kutazama Farasi Wakifundishwa

Dresaji ni neno la Kifaransa, na maana yake ni kumfundisha mnyama. Siku hizi latumika hasa kwa elimu ya kumfundisha farasi kwenda polepole, telki na shoti kwa utulivu, akifuata ishara ndogo za mpandaji. Tangu mwaka 1912 elimu hii imo katika michezo ya Olimpiki, na waamuzi hutoa alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila zoezi. Lakini mimi nitaeleza habari za mazoezi, si za mashindano, kwani katika mazoezi ndimo mtazamaji awezamo kujua kama farasi amefundishwa au ameonewa.

Kwetu Uganda farasi ni mnyama wa nadra. Mimi nalipata nafasi ya kuwatazama huko Vienna, mji mkuu wa Austria, katika Shule ya Kihispania ya Kupanda Farasi, iitwayo hivyo kwa kuwa farasi wake wa asili walitoka Hispania. Ukumbi wake ulijengwa kati ya mwaka 1729 na 1735, na urefu wake ni mita 55. Asubuhi watu huketi katika roshani na kutazama mazoezi. Mwenzangu mmoja alichoka upesi, akasema, "Hapa wanazunguka tu!" Alikuwa akitazama miguu peke yake.

Msomaji, ukipata nafasi hiyo, tazama kwanza rangi. Farasi hawa huzaliwa weusi au wa kahawia, kisha huwa weupe kidogo kidogo kwa muda wa miaka mingi. Kwa hiyo yule wa kijivu bado ni kijana, naye ndiye wa kumwangalia, maana mkongwe huficha taabu ya masomo yake. Halafu tazama masikio. Sikio moja likigeuka nyuma, anamsikiliza mpandaji. Yote mawili yakilala kabisa shingoni, amekasirika. Mkia upigao huku na huku bila inzi ni malalamiko, na kinywa kilicho wazi chaonyesha kwamba lijamu yamwumiza.

Sasa itazame mikono ya mpandaji. Farasi avutwaye hatamu mpaka kidevu kikaribie kifua huonekana mzuri kwa mtu asiyejua, kwa kuwa shingo yake imepinda kama upinde. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilitamka kwamba kumkunja shingo kwa nguvu namna hiyo hakukubaliki. Nguvu si lazima hata kidogo. Lis Hartel wa Denmark alipatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1944, miguu yake ikafa kuanzia magotini. Hata hivyo alipata medali ya fedha ya dresaji katika Olimpiki ya mwaka 1952, na tena mwaka 1956. Mtu huyo angemlazimisha farasi kwa nini?

Kijana mmoja wa kijivu alikuwa akifundishwa piafe, yaani kwenda telki papo hapo bila kusonga mbele. Mara ya kwanza aliruka kando kwa hofu. Nilingojea fimbo. Mpandaji hakumpiga, alimtembeza duara moja, akamwomba tena. Farasi akatoa hatua tatu, labda nne, zilizo sawasawa. Papo hapo somo likakatwa, na mpandaji akatia mkono katika mfuko ulio kwenye mkia wa koti lake, akatoa sukari.

Wageni wengi huondoka wakati huu, na hilo ni kosa. Kaa mpaka hatamu zilegezwe. Farasi aliyebanwa hubaki ameinua kichwa, mgongo mkavu. Yule wa kijivu alinyosha shingo chini mpaka pua ikakaribia mchanga, akapumua kwa nguvu, akatembea hivyo mpaka mlangoni.