Mvua mjini, theluji njiani

Swali: Utabiri wa Seattle mwishoni mwa Februari unataja mvua na "kimo cha theluji mita 300". Maana yake nini?

Jibu: Sehemu kubwa ya mvua ya huko huanza mawinguni ikiwa theluji, ikayeyuka inapokuta hewa yenye joto. Kimo hicho ndipo inapogeuka maji. Kwa kawaida huwa chini kidogo ya usawa wa nyuzi sifuri, maana theluji haiyeyuki papo hapo.

Seattle, iliyo karibu na usawa wa bahari, italowa tu. Anayevuka milima ya Cascade kupitia Snoqualmie Pass, mita 920 hivi, abebe minyororo ya magurudumu.

Wala mita 300 si mpaka wa kudumu: mvua ikikaza, theluji inayoyeyuka hunyonya joto la hewa, na kimo hushuka zaidi.