Mshono wa Msalaba: Kitambaa, Uzi na Hesabu ya Miraba

Mshono wa msalaba ni darizi ya mishono miwili midogo inayokatizana juu ya mraba mmoja wa kitambaa. Picha nzima, iwe ua, jina au korosho ya leso, ni misalaba hiyo iliyopangwa safu kwa safu. Anayejua kushona kofia huja na mkono mwepesi, lakini hapa utaratibu ni mwingine. Nakshi ya kofia huchorwa kwanza kwenye kitambaa na sindano ikaifuata. Katika mshono wa msalaba kitambaa hubaki kitupu, mchoro ukakaa pembeni kwenye karatasi, na mshonaji akahesabu.

Kitambaa kisichohesabika humshinda hata fundi hodari. Kinachofumwa mahsusi kwa kazi hii huitwa Aida: kina vitundu kwenye pembe za kila mraba, na cha kawaida huwa na miraba 14 kwa inchi. Mshonaji wa Munje, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, asitegemee kukikuta kila duka la vitambaa Msambweni au Ukunda. Huenda akalazimika kuvuka Likoni akaulize Mtaa wa Biashara, Mombasa. Kabla ya kutoa nauli hiyo, afadhali ajaribu kitambaa cha drafti, kile cha sare za shule. Miraba yake iko tayari, na kinamfaa anayeanza.

Dukani, rula ina faida zaidi kuliko maneno ya muuzaji. Huhesabiwa miraba inayoingia katika inchi moja kwa urefu, kisha kwa upana. Hesabu hizo mbili zikitofautiana, duara litatoka yai. Mchoro wa miraba 70 kwa 98 juu ya Aida ya 14 hutoa picha ya inchi 5 kwa 7. Juu ya drafti yenye miraba 8 kwa inchi, mchoro huohuo hukaribia inchi 9 kwa 12. Kila upande huongezwa inchi 2 za pindo na za kushikia ringi ya kudarizia.

Uzi wa kudarizi, kama ule wa DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa Mulhouse mwaka 1746, huja katika mafungu ya mita 8, nao una nyuzi 6 zinazoachanishwa. Aida ya 14 hutosheka na nyuzi 2. Drafti ya 8 hutaka nyuzi nyingi zaidi, la sivyo kitambaa huchungulia. Kipande kisizidi mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, maana kirefu hujifunga na kuchakaa. Uzi mwekundu hulowekwa kwanza na kukandamizwa kwenye kitambaa cheupe, kuona kama unachuja.

Mchoro huandaliwa kwenye daftari la hesabu, mraba mmoja msalaba mmoja. Korosho ya leso hugeuka ngazi ndogondogo ukingoni. Nakshi za mkeka hukubali kwa urahisi zaidi.

Kitambaa hukunjwa mara mbili, kwa urefu na kwa upana, kupata kitovu, na kushona huanzia hapo. Mguu wa kwanza wa kila msalaba hutoka chini kushoto kwenda juu kulia, wa pili ukaukatiza. Mwelekeo huo ukibadilika mahali pamoja tu, mwanga hufichua kosa hata likiwa mbali. Ncha ya uzi haifungwi fundo: hupitishwa chini ya mishono minne au mitano upande wa nyuma. Kwenye Aida sindano huwa butu, isichane uzi wa kitambaa.

Hewa ya chumvi huleta kutu upesi, kwa hiyo sindano haiachwi ndani ya kazi usiku, na ringi ya chuma huvuliwa kila kazi inapowekwa. Kazi iliyokwisha hufuliwa kwa maji baridi na sabuni kidogo bila kukamuliwa, kisha hupigwa pasi upande wa nyuma juu ya taulo, misalaba isije ikalala.