Chinsaga, wimbi na kikombe cha chai
Mtaalamu wa lishe anajibu maswali kutoka Gesima, Nyamira.

Mama mkwe huchemsha chinsaga muda mrefu, humwaga maji, halafu hutia maziwa na kuiacha chunguni hadi kesho yake. Haiharibu?

Kwenye maziwa, dada, mama mkwe amepatia kabisa. Uchungu wa mboga hii, ambayo Watanzania huiita mgagani, hukatwa na maziwa, na mafuta yaliyomo huusaidia mwili kufyonza vitamini A ya majani. Juzi mama mmoja alinifunulia chungu chake: majani yamelegea na kuwa meusi, maziwa yameganda pembeni. Nilionja, nikaomba ugali.

Kwenye maji sikubaliani naye. Vitamini C na folati huyeyuka majini, kwa hiyo akimwaga maji amezimwaga nazo. Folati inajenga damu, na kwa desturi yetu mboga hii hupikiwa mama aliyetoka kujifungua, yaani mtu anayeihitaji hasa. Mwombe kwa adabu achume majani machanga, ayachanganye na terere au risosa (majani ya maboga), atie maji kidogo na kufunika. Uchungu utapungua bila kumwaga kitu.

Nichachushe unga wa wimbi kabla ya kumpikia uji mtoto wa miezi minane?

Ndiyo. Gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu; mahindi hayafiki hata karibu. Tatizo ni fitati, kemikali ya nafaka inayoyashika madini yasiingie mwilini. Unga ukilala majini na kuchacha, fitati hupungua. Bibi zetu hawakulijua jina hilo, lakini kazi waliifanya. Kimea nacho hulainisha uji, ukaweza kuongeza unga bila uji kuwa mzito mno kwa mtoto. Hakikisha nafaka haina ukungu, na uji utokote vizuri.

Nina kisukari. Ugali wa wimbi naweza kula nitakavyo?

Hapana, mzee wangu. Nyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kupanda, lakini bado ni wanga. Kipande cha ukubwa wa ngumi, nusu ya sahani iwe mboga, na dawa usiache.

Vijana wanasema hivi ni vyakula vya kizamani.

Waambie kwamba mwaka 2021 UNESCO iliziweka juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora.

Sisi ni watu wa chai, na huinywa pamoja na chakula. Kuna ubaya?

Upo, na hapa kwetu hauzungumzwi vya kutosha. Tanini za chai hushika madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na wimbi, na hilo huwaumiza hasa wajawazito na watoto wenye upungufu wa damu. Chai imetulipia karo, siisemi vibaya. Ingojeeni saa moja baada ya kula, na mezani pawe na pera au ndimu, kwani vitamini C husaidia chuma hicho kuingia mwilini.