Kulizuia Jua Kabla Halijaingia Nyumbani

Mji wa Guangzhou umekaa kusini kidogo tu ya Tropiki ya Kansa. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa karibu utosini, na nyumba zinazoumia zaidi ni za ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa bapa la zege. Zege hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitoa ndani usiku, saa ambazo wazee na watoto wachanga wanahitaji kupumzika.

Kiyoyozi kina kazi yake. Siku ya onyo jekundu, joto linapotazamiwa kufika nyuzi 39, kisizimwe kwa kuogopa gharama ya umeme. Lakini nyumba isiyo na kivuli hukitwisha kiyoyozi mzigo usiokwisha. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwani jua likishapita kioo, joto limekwisha kuingia. Kivuli na kiwe nje ya kioo: mkeka wa mianzi au wavu wa kivuli, uliofungwa barabara kwenye nondo za dirisha. Fedha zikiwa chache, zianzie dirisha la magharibi, kwa sababu jua la alasiri huja chinichini na kupiga kioo moja kwa moja. Tufani ikitangazwa, kivuli hicho kiteremshwe mapema, kisije kikamwangukia mpita njia.

Paa hufaidika kwa rangi nyeupe, au kwa vigae vilivyoinuliwa ili hewa ipite chini yake. Elimu hii ni ya hapa hapa: msanifu majengo Xia Changshi aliandika juu ya kivuli, kinga ya joto na upepo mwaka 1958. Hata nyumba kongwe za Xiguan zina milango ya miti iliyolazwa, inayopitisha upepo na kumzuia mwizi. Aliyelelewa Lamu au Mji Mkongwe hatashangaa.

Paa ni mali ya wenye nyumba wote, hivyo mpangaji apate kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba na ya ofisi ya jengo.

Usiku, nje kukiwa na ubaridi kuliko ndani, fungueni madirisha yanayoelekeana. Majira ya kuchipua ni kinyume: upepo wa kusini ukizitoa kuta jasho, yafungeni, la sivyo ukungu utaota.

Mtu akichanganyikiwa au kuzirai kwa joto, pigeni 120. Mkisubiri, mhamisheni penye ubaridi, mloweni kwa maji na kumpepea; asiyejitambua asinyweshwe kitu.